Boi, Toto na Tineja: Ni Nani Mtoto Katika Kiswahili Chetu?

Mjadala kuhusu maneno ya Kiingereza ndani ya Kiswahili umezoeleka mno katika kurasa za majarida ya vyama vyetu, hata msomaji ana haki ya kupiga miayo anapouona tena. Upande mmoja husimama walinzi wa usafi wa lugha, ambao kwao kila neno geni ni mwizi aliyeruka ua. Upande wa pili husimama wale wanaotukumbusha, nao wana haki, kwamba Kiswahili hakijawahi kuishi bila kukopa, iwe ni kwa Waarabu, Wahindi au Wareno. Kambi zote mbili aghalabu hubishania sura ya neno: je, tuseme tineja au kijana balehe? Mwishowe neno moja huteuliwa, kamusi huongezewa kitomeo, na sote tukaenda kunywa chai.

Nia yangu hapa ni kulichukua kundi moja dogo tu la maneno hayo, yaani majina ambayo Kiingereza huwapa watoto na vijana, na kuuliza swali tofauti. Baiskeli ilikuja na jina lake kwa sababu kitu chenyewe hakikuwapo kwetu. Kompyuta vivyo hivyo. Lakini watoto walikuwapo. Walikuwa wakizaliwa, wakinyonyeshwa, wakitiwa jandoni na wakitumwa kisimani karne nyingi kabla ya Mwingereza wa kwanza kutia nanga Mombasa. Basi maneno kama vile boy, girl, juvenile, teenager na youth yalipoingia kwetu, yalituletea nini ambacho hatukuwa nacho? Jibu langu ni kwamba yalituletea mpango wa nani aonekane mdogo na nani aonekane mkubwa, na mpango huo ungali unafanya kazi hata pale ambapo neno lenyewe tumekwisha kulivisha kanzu ya Kiswahili.

Tuanze na Waingereza wenyewe, maana si sahihi kudhani kwamba kwao maneno haya yametulia tangu hapo. Katika Kiingereza cha Kale palikuwa na maneno mawili, cniht na cnafa, ambayo yote yalimrejelea mvulana. La kwanza lilipanda farasi, likawa knight, askari wa heshima. La pili lilibaki jikoni, likawa knave, kwanza mtumishi, kisha mlaghai. Walikuwa wavulana wawili wa umri mmoja. Kilichowatenganisha ni nyumba walizotumikia. Boy nalo, katika maandishi ya karne ya 13 na ya 14, lilimwelekea zaidi mtumishi na mtu wa hadhi ya chini kabla ya kutulia katika maana ya mtoto wa kiume. Girl, katika enzi hiyo hiyo, liliweza kumtaja mtoto wa jinsia yoyote. Infant ni la asili ya Kilatini na maana yake ni asiyesema. Kid ni mwana wa mbuzi. Child, likiandikwa childe, lilitumika kuwa lakabu ya kijana wa nasaba bora, na hapa msomaji wa fasihi ya pwani atatabasamu, kwa kuwa Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858, na binti yake Mwana Hashima aliyetungiwa, wote wawili wanaitwa kwa heshima kwa neno ambalo pia humtaja mtoto mchanga wa yeyote yule.

Kwa hiyo tangu zamani, kwao na kwetu, jina la mtoto halikuwa kipimo cha miaka tu. Lilikuwa pia kipimo cha hadhi. Hilo halina ajabu. La ajabu ni namna kipimo hicho kilivyotumiwa kilipovuka bahari.

Neno boy lilipoenea Kenya chini ya utawala wa kikoloni halikuja na maana ya mvulana. Lilikuja na ile maana ya kale ya mtumishi, na likabandikwa watu wazima. Mzee mwenye wajukuu, anayeheshimika kwao hata vijana humwamkia kwa kuinama, alipofunga aproni katika nyumba ya mlowezi aligeuka kuwa boy. Kiswahili kikalipokea, likawa boi, na ni muhimu kutazama jinsi lilivyopokewa. Kwetu boi hakuwa mtoto wa kiume hata siku moja. Hakuna mama wa Kiswahili aliyejifungua boi. Tulikopa tusi bila kukopa utoto. Riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kamerun, Une vie de boy ya mwaka 1956, ilipotafsiriwa kwa Kiingereza iliitwa Houseboy. Ilipotafsiriwa kwa Kiswahili iliitwa Boi tu, wala haikuhitaji maelezo. Msomaji wa Kenya na Tanzania alimjua boi kabla hajafungua jalada.

Wakati huo huo neno jingine lilikuwa likisafiri kinyume. Katika Kiingereza cha walowezi wa Kenya mlikuwa na neno toto. Walilitoa kwetu, wakaling'oa kiambishi chake cha ngeli, wakalitumia kumtaja mtoto wa Kiafrika aliyeteka maji, aliyepasua kuni na kuosha masufuria. Huyo alikuwa kitchen toto. Filamu ya Harry Hook iliyotoka mwaka 1987, inayosimulia habari za mvulana wa Kigikuyu katika Kenya ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, ina jina hilo hilo. Mwanafunzi yeyote wa mofolojia ya Kiswahili anajua kinachotokea mtoto anapopoteza m- yake: anahama kutoka ngeli ya watu na kuingia ngeli ya ukubwa na dharau, pamoja na jitu na jibwa. Sidhani kwamba walowezi walilijua hilo. Lakini sikio la Mswahili lililijua.

Sasa yaweke maneno hayo mawili ubavuni pa kila moja, jinsi yalivyokuwa yakisikika katika jikoni moja. Mtu mzima anaitwa kwa jina la mtoto. Mtoto anaitwa kwa jina la kazi. Baina ya boi na toto hakuna pengo la umri hata kidogo. Kuna pengo la mshahara tu. Mkoloni hakuhitaji kujua nani ana miaka 10 na nani ana miaka 50, mradi wote wawili wamo katika orodha ya wale wanaotumwa.

Baada ya uhuru, boi alianza kutoweka katika mazungumzo ya watu wenye staha. Dada yake alibaki. Hausigeli angali nasi, katika mitaa ya matajiri na ya walalahoi, na tunapotaka kujidai kwamba tunasema Kiswahili fasaha tunamwita msichana wa kazi. Mabadiliko hayo ni ya nguo tu. Mwanamke wa miaka 45, aliyeacha watoto wawili sekondari huko kwao, ni msichana wa kazi. Mwajiri wake wa miaka 26, ambaye ndiyo kwanza amemaliza chuo, ni mama. Watoto wa nyumba, ambao kwa kawaida wana adabu kuliko wazazi, humwita anti au dada, na nafikiri wao ndio wanaozungumza Kiswahili kilicho karibu zaidi na mila zetu, kwa sababu angalau wamempa nafasi katika ukoo.

Lakini dharau kwa mwanamke mzima ni nusu tu ya tatizo, tena ni ile nusu ambayo tumezoea kuilalamikia. Nusu ya pili inanitia wasiwasi zaidi. Neno ambalo linaweza kumtaja mama wa miaka 45 na pia mtoto wa miaka 13 haliwezi kumwonyesha yule mtoto wa miaka 13. Jirani anamwona mtoto mdogo akianika nguo saa tatu asubuhi, siku ya shule. Anauliza: huyu ni nani? Anajibiwa: ni msichana wa kazi. Swali limekwisha. Jibu ni kamili, halina dosari ya kisarufi, na limemmeza mtoto mzima mzima. Laiti desturi ya lugha ingelazimisha kwamba mwanamke yule ni mfanyakazi wa nyumbani na huyu ni mtoto, jibu lingekuwa: ni mtoto tuliyemwajiri. Sentensi hiyo haitamkiki kwa urahisi. Ndiyo sababu haitamkwi.

Hapa wapo watakaosema kwamba nayapa maneno uzito usio wao, na kwamba umaskini ndio unaompeleka mtoto kazini wala si ngeli za nomino. Nakubali kuhusu umaskini. Ila umaskini hauelezi kwa nini jirani hakuuliza swali la pili.

Sheria nazo zina historia yao, na kwa mfasiri ni historia ya kuvutia sana. Sheria ya Kenya iliyotumika kwa miongo kadhaa baada ya uhuru, ile ya Sura ya 141, ilikuwa na majina matatu. Child alikuwa mtu wa chini ya miaka 14. Juvenile alikuwa wa miaka 14 hadi kabla ya kutimiza 16. Young person alikuwa wa miaka 16 hadi kabla ya kutimiza 18. Mpe mkalimani wa mahakama ya Kisumu au Kitui majina hayo matatu ayatie katika Kiswahili papo hapo, huku mshtakiwa akitetemeka kizimbani. Mtoto, naam. Kijana, labda. Na yule wa katikati? Kiingereza chenyewe kilimtia katika chumba cha peke yake kwa sababu ya jela na adhabu. Kwao juvenile limezoeleka zaidi kortini kuliko mezani pa chakula. Mama hamwiti mwanawe juvenile.

Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, ikavunja kuta hizo na kusema kwamba kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18 ni child. Katiba ya mwaka 2010 ikathibitisha, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikaendelea na msimamo huo huo. Nyuma ya mabadiliko hayo kulikuwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990. Kwa mara moja Kiingereza cha sheria kikasogea na kuwa karibu na Kiswahili cha nyumbani: neno moja, mtoto, kwa wote. Nadhani hatujaifahamu vyema bahati hiyo, na badala ya kuikumbatia tumekimbilia kuagiza neno jingine la kumtenga mtoto mkubwa na mtoto mdogo.

Neno hilo ni tineja.

Sina ugomvi na umbo lake. Limetii kanuni za sauti, lina wingi wa kupendeza, na matineja husikika redioni na kusomwa magazetini bila kumkwaza mtu. Ugomvi wangu ni na kazi yake. Teenager lilienea Marekani katika miaka ya 1940, na watu wa kwanza kulipenda walikuwa wauzaji wa nguo, sahani za muziki na vinywaji, waliogundua kwamba kuna kundi la watu wenye fedha za mfukoni na wasio na nyumba ya kulisha. Kabla yake, mwaka 1904, mwanasaikolojia G. Stanley Hall alikuwa amechapisha majuzuu mawili kuhusu adolescence, yaliyoueneza mno wazo kwamba miaka hiyo ni ya dhoruba na msukosuko. Soko na saikolojia vikaoana, akazaliwa tineja: mtu mwenye hisia kali, mwenye mapenzi, mwenye mapambo, asiyejua atakalo. Jina lenyewe limetokana na mwisho wa tarakimu za Kiingereza, thirteen hadi nineteen. Sisi tunasema kumi na tatu, kumi na tisa. Mwisho huo haupo. (Ulikuwapo, kwa kweli. Mabaharia na wafanyabiashara wa zamani wa pwani walihesabu edashara na thenashara hadi tisatashara, kwa mapokeo ya Kiarabu, lakini hakuna aliyefikiria kumwita mtoto wake mtashara.)

Hebu tuone kazi hiyo inavyofanyika. Kuna janga ambalo Kiingereza hulitaja kwa jina la teenage pregnancy. Waswahili wamelitafsiri kwa njia tatu ninazozijua. Wapo wanaosema mimba za matineja. Wapo wanaosema mimba za mapema, na usemi huu umeota mizizi sana hapa Kenya. Wapo pia, hasa Tanzania, wanaosema mimba za utotoni, kama wanavyosema ndoa za utotoni. Zingatia tofauti. Mimba ya tineja ni mimba ya mtu wa kundi fulani la watu wanaojulikana kwa kupendana. Mimba ya mapema ni mimba iliyofika kabla ya saa yake, kama mvua. Hata hatuambiwi ni mapema kuliko nini. Mimba ya utotoni ni mimba ndani ya mtoto. Ukiisikia huwezi kutouliza: nani aliyempa mtoto mimba? Hii ni mojawapo ya nyakati ambapo tafsiri imeona zaidi kuliko matini chasili, na sijui kwa nini Wakenya tunaona haya kuichukua kutoka kwa majirani zetu. Kwa mujibu wa Sheria yetu ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Gazeti linalomwita tineja aliyekuwa na uhusiano na mwalimu wake limekwisha kumtetea mwalimu kabla ya hakimu kuketi. (Na nikisema hivyo sisahau kwamba neno tunalotumia kwa kosa hilo, unajisi, pamoja na mwenzake wa Kiingereza defilement, yote mawili humpaka mtoto uchafu wa mtu mwingine. Hilo linahitaji makala yake.)

Nisieleweke kuwa nasema turudi kwa msamiati wa mababu na mambo yote yatakuwa shwari. Hoja hiyo husikika sana katika makongamano yetu, na hushangiliwa, lakini haina miguu. Fungua kamusi uone tulivyowaita watoto. Kigori ni msichana anayekaribia kuvunja ungo. Mwali ni yule aliyekwisha kuvunja, akatiwa ndani, akafundwa, na anayesubiri mume. Majina hayo ni mazuri katika ushairi, nami nayapenda, lakini kila moja linamwangalia mtoto wa kike kwa jicho la atakayemwoa. Kitwana ni kijana mtumwa wa kiume na kijakazi ni mwenzake wa kike; tena ki- hiyo ni ya udogo, kana kwamba utumwa peke yake haukutosha. Ghulamu tulilipokea pamoja na maana zake mbili, ujana na utumwa, sawa kabisa na jinsi boy lilivyokuwa kwa Waingereza. Kwa hiyo mwenye nyumba ya vioo asirushe mawe. Nchini Tanzania Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Kwa jicho la kigori na mwali, msichana wa miaka 15 yuko tayari. Kwa jicho la mtoto, hayuko. Mabishano yote ya shauri lile yangeweza kufupishwa katika uchaguzi wa nomino.

Pingamizi la kweli dhidi ya neno mtoto ni la aina nyingine, na nimelisikia kutoka kwa mwalimu ninayemheshimu. Anasema neno hilo ni pana mno. Mtu wa miaka 60 ni mtoto wa fulani. Saraka ni mtoto wa meza, na ugonjwa unaofunika mboni ni mtoto wa jicho. Neno linalobeba watu, samani na maradhi, anauliza, litabebaje sheria? Nimelifikiria swali hilo kwa muda, na naona kwamba Kiswahili chenyewe kina jibu. Tukisema mtoto wa na kumtaja mwenyewe, tunazungumzia uhusiano: mtoto wa Otieno, mtoto wa meza. Tukisema mtoto peke yake, tunazungumzia umri. Hakuna Mswahili anayesikia sentensi "kuna mtoto nje ya mlango" akatarajia kumkuta mtu wa miaka 60, hata kama mtu huyo ana mama aliye hai. Miundo kama mtoto wa shule ina tabia yake, nayo haivurugi kanuni. Lugha imekwisha kuchora mpaka. Kilichobaki ni sisi kuuheshimu tunapoandika.

Upande wa juu wa ngazi kuna kijana, na huku mambo yamevurugika kwa namna ya kuchekesha. Umoja wa Mataifa, kwa madhumuni ya takwimu, humhesabu youth kuwa mtu wa miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unasema 15 hadi 35. Shirika la Afya Duniani lina adolescent wake wa miaka 10 hadi 19. Katiba ya Kenya inasema kijana ametimiza miaka 18 na hajafika 35. Mtoto wa miaka 16, basi, ni mtoto Nairobi, kijana Addis Ababa, kijana tena New York, na balehe Geneva, bila kuondoka kitandani. Mimi mwenyewe, kwa mujibu wa Katiba, nitaendelea kuwa kijana kwa miaka kadhaa ijayo, jambo linalomfurahisha sana mama yangu, ambaye katika umri huu alikuwa na watoto watatu.

Kicheko kando, kuna jambo la kisiasa hapa. Kijana ni neno lililotoka katika mzizi ule ule wa mwana, na katika Kiswahili cha kawaida mtu hutoka ujanani kwa kupata kazi, nyumba na familia. Ujana unaorefushwa hadi miaka 35 unaweza kuwa mlango wa mikopo na nafasi za uongozi. Ndiyo nia ya Katiba, nami siipingi. Lakini unaweza pia kuwa chumba cha kungojea. Viongozi wa kesho, tunaambiwa, na kesho yenyewe haina tarehe. Mtu wa miaka 33 asiye na ajira huitwa kijana kwa sauti ile ile ambayo babu yake aliitwa boi: mdogo wa kutumwa, hasa wakati wa kampeni.

Ndiyo maana nililitazama kwa makini neno la Kiingereza lililovuma Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Gen Z. Lilisikika katika taarifa za habari za Kiswahili kila jioni, na walinzi wa lugha wakauliza tutaliitaje. Kizazi cha Z, wengine wakasema, na si vibaya. Ila kizazi ni neno la wima: babu, baba, mwana. Walioingia barabarani hawakuwa wakijieleza kwa wazazi wao; walikuwa wakijieleza kwa wenzao. Kwa hilo tuna neno rika, na pwani tuna hirimu, na ndani ya nchi jamii nyingi zina utaratibu mzima wa kulipa kila rika jina kutokana na tukio la wakati wake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kundi Nairobi lililoitwa Anake a Forti, vijana wa 40, kwa kuwa rika lao lilitahiriwa mwaka 1940. Forti hiyo ni ya Kiingereza. Hakuna aliyewalaumu kwa kuharibu Kigikuyu. Walikuwa wametwaa tarakimu ya kigeni na kuitia katika desturi yao ya kutoa majina. Naona Z ya mwaka 2024 ilifanya vivyo hivyo. Herufi ilitoka kwa watafiti wa masoko wa Marekani waliokuwa wakiwapanga waliozaliwa kati ya miaka ya mwisho ya 1990 na ya mwanzo ya 2010, lakini hapa ilipata tukio lake na wafu wake. Katika maneno yote niliyoyataja, hili ndilo pekee ambalo wenye kuitwa walijichagulia. Rika la Z, basi. Sina pingamizi.

Nimalizie na kwetu, katika fasihi. Tunazungumza kuhusu fasihi ya watoto na fasihi ya vijana, na vitengo hivyo vimo katika orodha za wachapishaji na katika Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Vyote viwili ni tafsiri za vitengo vya Kiingereza, na havikupimwa upya vilipotafsiriwa. Vitabu vinavyoitwa vya vijana huandikiwa, kwa sehemu kubwa, wasomaji wa miaka 12 hadi 17, ambao kwa mujibu wa Katiba si vijana hata mmoja. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ilisomwa na wanafunzi wa sekondari nchi nzima, nayo inamfuata Kongowea Mswahili tangu utotoni. Ni ya watoto, ya vijana au ya watu wazima? Jibu la kawaida ni kwamba ni kitabu cha kutahiniwa, na kwa kuwa hatuna kitengo cha namna hiyo katika nadharia, tunaazima jina kutoka kwa Wajerumani na kusonga mbele.

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili unahusu wahusika wa umri huo katika riwaya za Kiswahili za Kenya. Katika semina ya mapendekezo niliulizwa kwa nini sikuandika matineja katika kichwa cha tasnifu, ilhali neno hilo ni fupi na linaeleweka. Niliwasomea wajumbe orodha ya wahusika wangu kwa umri na kazi. Mmoja ana miaka 13 na ni yaya. Mmoja ana 15, ameolewa. Wawili wanauza maji kwa mkokoteni, mmoja wao akiwa amewaachia wadogo zake nafasi ya kusoma. Mmoja tu ndiye anayekaa bwenini, akiandika barua za mapenzi na kugombana na baba yake kuhusu nywele. Tukakubaliana kwamba kichwa kitasema watoto, na kwamba miaka itatajwa kwa tarakimu katika sura ya kwanza. Kuhusu kama yule wa bwenini anaweza kuitwa tineja katika sura ya nne, msimamizi wangu na mimi bado hatujaafikiana.